Kukagua msimbo wa C kabla kifaa hakijaenda kijijini

Msimbo wa lugha ya C unaofika mezani kwangu hapa Ntinda, Kampala, ni wa vifaa vidogo: mizani ya stoo ya mazao, kipima maji, kifuatiliaji cha bodaboda. Mara nyingi aliyeuandika ameshapata kazi kwingine, mwenye mradi anataka kuongeza vituo, na mjumbe mmoja kwenye kikao ameuliza kama mfumo ni salama. Hapo ndipo napigiwa simu. Haya nayaandika kwa mtu aliye katika hali hiyo: ana msimbo ambao hakuuandika yeye, ana laptopu ya kawaida yenye Linux, bando lake ni la kupimia, na umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Mfano nitakaoutumia ni programu ya mizani ya kahawa ya huko Bugisu, mashariki mwa Uganda. Majina nimeyabadilisha na vipande nimevifupisha. Kuna bodi ndogo ya kompyuta yenye chipu ya ARM iliyounganishwa na mizani kwa waya wa serial, na modemu ya GSM yenye laini yake. Mkulima anajisajili kwa SMS. Akileta gunia, karani analipima, na mkulima anapata SMS yenye kilo zake na deni lake la mbolea. Ni mistari elfu chache tu ya C.

Karatasi kwanza

Usiendeshe kikaguzi chochote kwanza, yaani programu inayosoma msimbo na kutafuta makosa. Chukua karatasi uandike kila pahali ambapo data inaingia kwenye programu kutoka nje, na mbele yake uandike nani anaweza kuweka kitu pale. Kwenye mizani hii, waya wa serial unaguswa na mtu aliye ndani ya stoo. Kadi ya kumbukumbu yenye mipangilio inashikwa na karani. SMS inaweza kutumwa na mtu yeyote mwenye simu, kwa sababu namba ya laini imebandikwa mlangoni mwa stoo kwa herufi kubwa, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Hata sehemu ya mtumaji haiaminiki: anayetuma kwa huduma ya SMS nyingi anaweza kuweka jina la hadi herufi 11 pale unapotarajia namba.

Karatasi hii ndiyo nusu ya kazi. Kikaguzi kitakuambia kuwa mstari fulani una hatari ya ngazi ya 4, lakini hakijui kuwa kuna namba imebandikwa mlangoni. Hilo unalijua wewe.

Jambo la ruhusa nalipitia haraka. Pata kibali kwa maandishi kabla hujagusa kifaa kinachofanya kazi, maana Uganda ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu 2011. Na usipandishe msimbo wa mteja kwenye tovuti za kukagua bure. Karibu kila foda ninayoletewa ina faili la majaribio lenye majina na namba halisi za wakulima, na sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inawahusu wakulima hao kama inavyokuhusu wewe. Vikaguzi vyote ninavyotumia vinafanya kazi bila intaneti. Ukishavipakua mara moja, basi:

```
sudo apt install flawfinder cppcheck clang clang-tools gcc
```

Kipime kikaguzi chenyewe

Mama yangu aliuza dagaa Busia, na hakuwahi kukubali mizani ya mtu kabla hajaweka jiwe lake la kilo moja juu yake. Nami nina faili linaloitwa `jiwe.c`, nililojaza makosa ninayoyafahamu, na kila kikaguzi kipya nakilisha faili hilo kwanza. Mstari wa kwanza ni `gets()`. Fankisheni hiyo husoma mstari bila kuuliza bafa, yaani eneo la kumbukumbu linaloupokea, ina nafasi kiasi gani. Novemba 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, uliingia kwenye mashine nyingi kwa kupitia programu ya `fingerd` iliyoitumia juu ya bafa ya baiti 512, na C11 ikaiondoa kabisa kwenye lugha. Kikaguzi kisichoiona `gets()` hakina kazi kwako. Baada yake nimeweka `strcpy` (hunakili stringi, yaani mfuatano wa herufi) ndani ya struct (kundi la vigeu), `memcpy` (hunakili baiti) yenye urefu hasi, `free` (huachilia kumbukumbu) mara mbili, na faili linalofunguliwa bila kufungwa. Utaona wazi kuwa hakuna kikaguzi kimoja kinachoyakamata yote, na utajua ni kipi kipofu wapi.

Kompaila ni kikaguzi cha bure

Watu wanarukia zana mpya wakati `gcc` yenyewe, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, haijaulizwa lolote. Anza hivi:

```
gcc -std=gnu11 -O2 -Wall -Wextra -Wformat=2 \
    -Wconversion -Wsign-conversion -c src/*.c
```

Acha `-O2` ibaki, kwa sababu baadhi ya maonyo hujitokeza pale tu kompaila inapofuatilia msimbo ili kuuharakisha. `-Wconversion` itapiga kelele nyingi, na wengi huizima siku ya kwanza. Usiizime kabla hujasoma. Kwenye mizani ilinipa hii:

```c
int32_t gramu = soma_mizani(fd);
uint16_t uzito = gramu;
```

Kigeu cha biti 16 kisicho na alama ya hasi kinafika 65,535. Gunia la kahawa la kilo 60 ni gramu 60,000, linaingia vizuri, na kwa msimu mzima hakuna atakayelalamika. Msimu wa mahindi ukija, gunia la kilo 100 linakuwa gramu 34,464. Mkulima aliyezoea magunia yake atagomba papo hapo. Lakini karani akishagundua kuwa mzigo unaopita kilo 65 na nusu unasomwa pungufu, ana njia ya kuiba isiyoacha alama kwenye kitabu. Vikaguzi vinavyotafuta majina ya fankisheni hatari havitaona kitu hapa, maana hakuna fankisheni yoyote ya kutafuta. Kuna alama ya sawasawa tu.

Flawfinder, na kwa nini napuuza mpangilio wake

Flawfinder iliandikwa na David A. Wheeler mwaka 2001. Ni programu ya Python inayosoma msimbo wako kama maneno: inaruka maelezo na stringi, inatafuta fankisheni zenye sifa mbaya, inazipanga kuanzia ngazi ya 5 hadi ya chini, na kila onyo linabeba namba ya CWE, ile orodha ya kimataifa ya aina za udhaifu. Haielewi aina za vigeu wala haifuati data inakokwenda. Kwa upande mwingine, haihitaji msimbo ukubali kukusanywa na kompaila. Ukiletewa C ya kidhibiti kidogo ambacho huna kompaila yake wala maktaba zake, Flawfinder itaisoma tu.

Watu wengi huendesha `flawfinder src/` wakaanza na ngazi ya 5. Mimi huanza na hii:

```
flawfinder --inputs src/
```

Inaonyesha tu fankisheni zinazoleta data kutoka nje, za ngazi zote hata zile za chini kabisa. Linganisha orodha hiyo na karatasi yako. Ikionyesha `getenv` au `fread` ambayo hukuiandika, umepata ingilio jipya. Ikikosa kitu ulichoandika, huenda programu inasoma kupitia maktaba ya mtu mwingine, na maktaba hiyo nayo inataka kusomwa.

Kisha endesha ukaguzi mzima pamoja na mstari wenyewe:

```
flawfinder --context src/
```

Kijana ninayemfundisha, mtu wa Bombo, aliangalia orodha ikishuka akaniuliza, "Dada, si tuanze na hii ya tano hapa juu?" Nikamwambia asome ni nini. Ilikuwa `chmod` juu ya faili la mipangilio. Flawfinder huipa ngazi ya 5 kwa sababu mtu anaweza kubadilisha faili kati ya kuliangalia na kuligusa. Ni kweli, ikiwa mtu huyo anaweza kuandika kwenye foda hiyo. Hapa foda ni ya root, msimamizi wa mfumo, peke yake, na hakuna mtumiaji mwingine kwenye bodi. Akaendelea kushuka. Chini kabisa, ngazi ya 2, kulikuwa na hii:

```c
int n = atoi(urefu);
if (n > 64)
    return -1;
memcpy(ujumbe, data, n);
```

`urefu` ulitoka ndani ya SMS. Mwandishi alikumbuka kuzuia urefu unaozidi 64, akasahau kuwa `atoi`, inayogeuza herufi kuwa namba, hurudisha namba hasi pia. Mtu akituma `-1`, sharti linapita, kisha `memcpy` inaipokea kama `size_t`, aina isiyojua hasi, na inakuwa namba kubwa kupita kumbukumbu yote ya bodi. Programu inaanguka hapo hapo. Ukiwa umeendesha `--minlevel=4` kama watu wengi wenye haraka, mstari huu usingeuona kabisa. Nao ni wa ukoo mmoja na Heartbleed, shimo la Aprili 2014 kwenye maktaba ya usimbaji ya OpenSSL: `memcpy` iliyoamini urefu uliotajwa na mtu wa nje bila kuulinganisha na data iliyofika kweli.

Kwa hiyo sizipangi kwa ngazi. Nazipanga kwa karatasi: maonyo yote yanayoguswa na SMS kwanza, kisha kadi, kisha waya. Katika kila onyo nauliza mambo mawili: urefu huu umeamuliwa na nani, na herufi hizi zimeandikwa na nani.

Deni linalofutwa kwa jina refu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kipande kilichowanyamazisha watu kwenye kikao. Struct ya mkulima ilikuwa hivi:

```c
struct mkulima {
    char    namba[11];
    char    jina[20];
    int32_t deni;
};
```

Na ujumbe wa `SAJILI` ukifika kwa mkulima ambaye tayari yupo, jina linasahihishwa:

```c
strcpy(m->namba, mtumaji);
strcpy(m->jina, neno);
```

Flawfinder ilizipa zote mbili ngazi ya 4 na maneno yaleyale. Ni rahisi kuandika "badilisha strcpy" ukaendelea. Hesabu baiti kwanza.

Namba: 0772 na tarakimu sita zake ni herufi 10, ongeza baiti ya sifuri inayofunga stringi, zinakuwa 11. Aliyepima nafasi alipima kwa namba tunavyozitamka sisi. Lakini modemu inaleta namba kama `+256772xxxxxx`, herufi 13 na sifuri yake, baiti 14. Tatu zinamwagika ndani ya `jina`. Kisha jina linaandikwa juu yake, ile sifuri inafutika, na ukiisoma namba unapata `+256772xxxx` iliyounganishwa na jina la mtu. SMS za majibu hazifiki, na karani anaulaumu mtandao.

Jina ndilo baya zaidi. `namba` inachukua baiti 0 hadi 10, `jina` 11 hadi 30, kompaila inaacha baiti ya 31 tupu, na `deni` linaanza kwenye ya 32. Chukua mkulima mwenye deni la shilingi 400,000. Kwenye kumbukumbu ya bodi hii, baiti ndogo ikitangulia, deni hilo kwa tarakimu za hex ni `80 1A 06 00`. Sasa atume jina la herufi 23 linaloishia na "aa". Herufi mbili za mwisho zinakaa baiti ya 32 na 33, sifuri ya kufunga inakaa ya 34, na ya 35 ilikuwa sifuri tangu mwanzo. Herufi "a" huhifadhiwa kama `61`, kwa hiyo deni linasomeka `61 61 00 00`, yaani shilingi 24,929. Akiongeza "a" moja tu, jina la herufi 24, deni lake linaruka hadi 6,381,921. Hakuna kilichoanguka, hakuna kosa kwenye kumbukumbu za mfumo. Mtu amebadilisha deni lake kwa SMS moja.

Na AddressSanitizer, mlinzi wa kumbukumbu programu ikiendeshwa, ambayo nitaigusa baadaye, haikusema kitu. Inalinda mipaka ya kila kitu kizima kwenye kumbukumbu, na hapa jina lilimwagika ndani ya struct ileile. Ndiyo maana nasema usome.

Marekebisho. Usikimbilie `strncpy`. Stringi ikiwa ndefu kuliko nafasi, `strncpy` haiweki sifuri ya kufunga, na tatizo linahamia kwa atakayesoma. `strlcpy` ni bora, imekuwepo kwenye mfumo wa OpenBSD tangu miaka ya 1990, lakini glibc, maktaba ya C ya Linux, iliipokea kwenye toleo la 2.38 mwaka 2023, na bodi nyingi zinazotembea huku zina toleo la nyuma zaidi. Tena kulikata jina kimyakimya si jibu kwenye mfumo wa pesa, maana wakulima wawili wanaweza kubaki na jina moja. Mimi nakataa:

```c
size_t u = strlen(neno);
if (u >= sizeof m->jina)
    return KOSA_JINA_REFU;
memcpy(m->jina, neno, u + 1);
```

Kisha mkulima anajibiwa SMS ya kuomba jina fupi. Angalia `sizeof`: inafanya kazi kwa sababu `jina` ni safu ndani ya struct. Mtu akiihamishia kwenye fankisheni inayopokea `char *jina`, itatoa ukubwa wa pointa, 4 au 8, na majina mengi ya kawaida yatakataliwa. Afadhali hivyo kuliko kinyume chake.

Kuna ndugu wa `strcpy` ambao nawatafuta mwenyewe kwa `grep`, maana vikaguzi vya maneno vinaweza kuwapita: `sscanf` yenye `%[` isiyo na upana. Ni kawaida sana kwenye msimbo wa modemu, watu wanakata majibu ya `+CMGR`, yale modemu inayotoa ikisoma SMS, kwa `%[^"]`.

```
grep -n 'scanf.*%\[' src/*.c
```

Pale data inapopita mafaili mawili

SMS ya majibu ilitumwa kwa kutumia Gammu, programu ya kuendesha modemu:

```c
snprintf(amri, sizeof amri,
  "gammu sendsms TEXT %s -text \"%s, kilo %d\"",
  m->namba, m->jina, kilo);
system(amri);
```

Bafa iko salama, `snprintf` imepewa ukubwa. Flawfinder inaipa `system` ngazi ya 4 na kusema uangalie. Ukisoma faili hili peke yake, `m->jina` linaonekana ni data ya ndani, imetoka kwenye rejesta yetu wenyewe. Lakini fuata kidole nyuma: rejesta inaandikwa na faili lingine, na faili hilo, `pokea.c`, linapokea SMS. Mtu anaweza kujisajili kwa jina `$(reboot)`, na `sh`, programu ambayo `system` huipa amri, hutekeleza kilicho ndani ya `$( )`. Jina hilo ni herufi tisa, linaenea kwenye `jina`, na alama zote hizo zimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS. Kuanzia siku hiyo, kila gunia lake likipimwa bodi inajiwasha upya. Badala ya `reboot` anaweza kuandika amri nyingine.

Rekebisha kwa kutompitisha mtu kwenye `sh` kabisa:

```c
char *hoja[] = { "gammu", "sendsms", "TEXT", m->namba,
                 "-text", ujumbe, NULL };
pid_t p = fork();
if (p == 0) {
    execvp(hoja[0], hoja);
    _exit(127);
}
```

Mzazi naye amsubiri mtoto kwa `waitpid` na aangalie kama `fork` imeshindwa. Pia hakikisha `namba` ni alama ya kujumlisha na tarakimu tupu, vinginevyo mtu atatuma kitu kinachoanza na kistari na Gammu itakidhania ni chaguo lake.

Ukiendesha Flawfinder tena utacheka: `execvp` nayo ni ngazi ya 4. Shimo limezibwa na idadi ya maonyo haijapungua hata moja. Meneja anayedai "maonyo sifuri" ataona hujafanya kazi, na fundi atakayemtii atarudisha ripoti safi juu ya programu mbovu. Mimi naacha alama kwenye mstari, na sababu juu yake:

```c
/* hoja ni za orodha, hakuna sh. Namba imekaguliwa pokea.c */
execvp(hoja[0], hoja); /* Flawfinder: ignore */
```

Alama isiyo na sababu naifuta ninapoikuta. Na ukipokea msimbo wa mtu, endesha `flawfinder --neverignore src/` angalau mara moja, uone alizozinyamazisha.

Vinavyofuata data

Cppcheck na vichambuzi vya kompaila vinaelewa zaidi: vinajua kigeu kimepata thamani wapi na kumbukumbu imeachiliwa lini.

```
cppcheck --enable=warning,portability --inconclusive src/
make clean && scan-build make
gcc -fanalyzer -c src/pokea.c
```

`scan-build` huona yale tu yanayokusanywa, kwa hiyo `make clean` haikwepeki. `-fanalyzer` imo ndani ya GCC tangu toleo la 10 la mwaka 2020. Ni nzito, lakini inakuonyesha njia hatua kwa hatua: hapa faili limefunguliwa, hapa sharti limekuwa kweli, hapa umerudi bila kulifunga. Kwenye mizani ilikamata hasa kitu hicho. Kila SMS iliyoharibika ilifungua faili la kumbukumbu za matukio, ikaandika mstari, ikarudi bila `fclose`. Kikomo cha kawaida cha Linux ni mafaili 1,024 yaliyo wazi kwa programu moja. Mtu mwenye bando la SMS za bure angeweza kuisimamisha stoo nzima kwa kutuma upuuzi tangu jioni mpaka asubuhi.

Mwisho endesha programu yenyewe ikiwa na walinzi ndani, ile AddressSanitizer na wenzake, kwenye laptopu, ukiilisha SMS za uongo kutoka faili:

```
clang -g -fsanitize=address,undefined,implicit-conversion \
      src/*.c -o mizani_jaribio
```

Hiyo `implicit-conversion` ni ya Clang na ingelikamata gunia la mahindi. Lisha majina marefu, urefu hasi, ujumbe mtupu, ujumbe wa herufi 160 kamili. Ukiwa na muda na umeme, AFL++ itakutengenezea SMS za ajabu usiku kucha, lakini hiyo ni makala nyingine.

Isirudi tena

Ukishapitia kila onyo, hifadhi orodha, na wiki zijazo angalia mapya tu:

```
flawfinder --savehitlist=leo.hits src/
flawfinder --diffhitlist=leo.hits src/
```

Kwenye `git`, inayotunza matoleo ya msimbo, naweka `flawfinder --error-level=4 src/` kabla ya kila kusukuma. Ikikuta onyo la ngazi hiyo au zaidi ambalo halijawekewa alama, inarudisha kosa na msimbo hauendi. Haitaona `memcpy` ya ngazi ya 2, najua. Kwa hizo tumekubaliana na yule kijana kuwa badiliko lolote kwenye `pokea.c` linasomwa na mtu wa pili, karatasi ya maingilio ikiwa mezani. Ripoti ya mteja nayo haina orodha ya CWE. Ina mistari michache kwa kila kosa: nani anaweza kulitumia, anahitaji nini mkononi, na nini kinatokea kwa deni au kwa kilo. Ile ya Bugisu ilianza na neno SMS, ikafuatiwa na 24,929, na bodi zikarudishwa Kampala kuwekewa programu mpya kabla ya msimu.